Kamirithu walijenga jukwaa wakaimba. Sisi Kipevu twangojea nini?

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, rambirambi nyingi zilimlilia kama mwandishi wa riwaya. Vikatajwa vitabu vyake vya shuleni, ikatajwa Tuzo ya Nobel ambayo kila mwaka watu walitabiri ataipata na kila mwaka ikaenda kwa mwengine, ukatajwa msimamo wake kuhusu lugha za Kiafrika. Yote hayo ni haki yake. Lakini yuko Ngũgĩ mmoja aliyepitiwa kwa sentensi moja mbili tu, na kwa maoni yangu ndiye anayetuhusu zaidi sisi tunaoishi Kipevu, Changamwe, Port Reitz na Mikindani. Huyo ni Ngũgĩ mtunzi wa michezo ya nyimbo, aliyekaa chini na vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wakatunga pamoja, wakaimba pamoja, na serikali ikaona afadhali kulivunja jukwaa kuliko kuiacha sauti hiyo isikike.

Hebu tuutazame mwaka 1977. Mwezi wa Julai riwaya yake Petals of Blood ilizinduliwa jijini Nairobi. Ni kitabu kinachowachapa vilivyo wale waliojinufaisha na uhuru huku wakulima na wafanyakazi wakibaki walivyokuwa. Aliyekizindua alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo. Watu walipiga makofi, wakaenda zao nyumbani. Mwandishi hakuguswa.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili ya tarehe 2 Oktoba, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulianza kuonyeshwa katika kijiji cha Kamirithu, Limuru. Waswahili tunaujua kwa jina la tafsiri yake, Nitaolewa Nikipenda. Ngũgĩ aliuandika pamoja na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Mwaka ulipokuwa unakwisha, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, polisi wakamfuata nyumbani. Akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima, bila kushtakiwa kwa kosa lolote.

Mwandishi ni yule yule, mwaka ni ule ule, hoja ni zile zile. Kwa nini riwaya ilizinduliwa na waziri na mchezo ukampeleka mtunzi jela? Riwaya ilikuwa ya Kiingereza, na riwaya husomwa na mtu mmoja mmoja chumbani mwake. Mchezo ulikuwa kwa lugha ya nyumbani, ukiimbwa mbele ya watu zaidi ya elfu mbili waliokaa pamoja. Na waliokuwa wakiimba hawakuwa wasomi wa chuo kikuu walioletwa kwa basi. Walikuwa ni wenye kijiji wenyewe. Mtu akishaimba hali yake mwenyewe mbele ya jirani zake, hawezi tena kujifanya haijui, na jirani hawezi kujifanya hakusikia.

Wengi wetu huku Pwani hudhani Kamirithu ilikuwa jambo la Wakikuyu. Lugha ilikuwa yao, ndiyo. Lakini kijiji kile kina mengi ya kufanana na mtaa wetu. Kilianzishwa wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu katika vijiji vya dharura. Baada ya uhuru kikawa mahali pa kulala watu ambao jasho lao linatoka kwengine: kiwanda cha viatu cha Bata, mashamba ya chai, kazi za ndani, vibarua vya siku. Kipevu ni nini ikiwa si hivyo? Tuna bandari ya makontena, gati la mafuta, mitambo ya umeme, na jirani yetu Changamwe ina kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimamisha usafishaji mwaka 2013. Mali inayopita mbele ya milango yetu inalisha nchi kadhaa. Wanaoipakua na kuipakia wanarudi kulala kwenye chumba kimoja cha kukodi.

Tazama pia namna ule mchezo ulivyoundwa. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza katika vitabu vyake kwamba mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alimwendea nyumbani, akarudi tena na tena, akimtaka asaidie kituo cha vijana cha pale. Hakuomba tamthilia. Kituo kilianza na kisomo cha watu wazima, mchezo ukazaliwa humo. Rasimu ilipokuwa tayari ilisomwa hadharani na wanakijiji wakaishika na kuirekebisha. Wazee wakasema maneno fulani hayasemwi hivi. Kina mama wakafundisha nyimbo za arusi zilivyoimbwa zamani, pande mbili zikijibizana kwa mafumbo. Ilipohitajika bunduki ya kuigiza, waliotengeneza ni watu waliowahi kutengeneza zile za kweli wakati wa Mau Mau. Mazoezi yalifanyika wazi, mpita njia akisimama na kukosoa. Jukwaa na viti vya watazamaji wakavijenga kwa mikono yao. Mchezo ulipoanza, watu walikodi mabasi na matatu kutoka mbali kuja kuutazama.

Na kisa chenyewe? Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi. Hati yake ameitundika ukutani, na kila mara anaitazama kama mtu anavyotazama picha ya mzazi. Tajiri anayemwajiri anaitaka ardhi hiyo ili yeye na wenzake wa kigeni wajenge kiwanda cha dawa za kuulia wadudu. Kiguunda anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani ya kifahari, akope benki, aweke hati rehani. Mwisho ardhi inakwenda.

Sijui Mpwani gani atasikia kisa hicho asijitikise. Huku kwetu wengi hata hiyo hati ya kutundika ukutani hawakuipata. Na habari ya kiwanda chenye sumu katikati ya makazi ya watu si hadithi kwetu. Owino Uhuru, hapo Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitapakaza risasi katika udongo na maji ya kijiji. Wakazi wakaenda mahakamani, wakiongozwa na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaja rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Hicho ni kisa kamili, kina mama shujaa, kina watoto wagonjwa, kina mawakili na miaka ya kungoja. Ripoti ziliandikwa nyingi. Wimbo wake u wapi?

Sasa tumalize habari ya Kamirithu, maana mwisho wake una funzo pia. Ngũgĩ alitoka kizuizini Desemba 1978, wenzake wakarudi kazini. Wakaandaa mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, na huu ndio uliokuwa mchezo wa nyimbo hasa. Ulizungumzia maisha ya wafanyakazi chini ya kipande wakati wa ukoloni, ukabeba nyimbo nyingi za jamii mbalimbali za Kenya, si za Wakikuyu peke yao. Ulikuwa uonyeshwe katika Jumba la Kitaifa la Michezo jijini Nairobi tarehe 19 Februari 1982. Maombi ya leseni hayakujibiwa. Siku ilipofika waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wako nje. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi, na watu wakawa wanakuja kutazama mazoezi kama ndiyo maonyesho yenyewe. Usiku kumi tu, na hesabu ya watazamaji ikapita elfu kumi. Kisha hata mazoezi yakakatazwa. Tarehe 12 Machi 1982 malori matatu ya polisi wenye silaha yakaenda Kamirithu, jukwaa likabomolewa.

Ngũgĩ alikwenda London mwezi wa Juni mwaka huo kuzindua kitabu, hakurudi nyumbani hadi 2004. Huko ugenini aliendelea kuandika riwaya. Lakini mchezo wa namna ile hakupata tena kuufanya. Mtunzi wa riwaya aweza kufunga kalamu yake mkobani akahama nayo. Mtunzi wa mchezo wa nyimbo hawezi kukibeba kijiji. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe, na kule akaifanya kazi hiyo hiyo ya michezo ya vijijini kwa miaka mingi, mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 2008. Kwa hivyo mbinu haikufa. Zimbabwe wakaipata mbegu, sisi tukabaki na kumbukumbu.

Msomaji ataniambia, hayo ni mambo ya zamani, sasa tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Ni kweli. Lakini wiki saba tu kabla ya Ngũgĩ kufariki, tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika Nakuru na mchezo wao Echoes of War kwenye tamasha la kitaifa la shule, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Mtunzi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa asiwafikie. Polisi wakarusha vitoa machozi kwa watu waliokuja kutazama. Haya yote mahakama ilikuwa imeshaamuru mchezo uonyeshwe. Ni kweli pia kwamba Malala ni mwanasiasa, na wako waliosema anawatumia watoto. Hoja hiyo ijadiliwe. Lakini haijibiwi kwa moshi. Shule hiyo hiyo na mtunzi huyo huyo walipigwa marufuku mwaka 2013 kwa mchezo mwengine, Shackles of Doom, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia kati. Miaka 48 baada ya Kamirithu, mchezo wa kuigiza bado unawatia hofu wakubwa kuliko makala mia moja kama hii yangu.

Basi mbona huku Pwani hatuna mtu ambaye kazi yake maishani ni kutunga michezo ya nyimbo? Haiwezi kuwa ni uhaba wa vipaji. Waandishi tunao: Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi, Alamin Mazrui aliandika tamthilia ya Kilio cha Haki kuhusu wafanyakazi wa shambani wanaodai haki zao, na mwaka 1982 akawekwa kizuizini. Waimbaji ndio usiseme. Mji uliomlea Juma Bhalo na Zuhura Swaleh hauwezi kusema hauna sauti. Na mchezo wa kujibizana kwa nyimbo twaujua tangu enzi: vugo la kina mama arusini, vikundi vya lelemama vilivyokuwa vikishindana Mombasa kwa mavazi, maandamano na vijembe, beni za kina baba. Zile nyimbo za arusi zilizofanywa uti wa mgongo wa Ngaahika Ndeenda, pande mbili zikirushiana maneno, kwetu kila bi harusi alipitishiwa.

Tulichokosa, naona, ni mambo mawili. La kwanza ni kuunganisha. Taarabu iko arusini, tamthilia iko darasani, malalamiko yako kwenye baraza na kwenye simu. Kila kimoja kinaishi chumba chake. Siti binti Saad kule Unguja hakufanya hivyo. Yeye na wenzake waliingiza katika nyimbo zao kesi za mahakamani, dhuluma za makarani na visa vya mitaani, na mji mzima ukapata habari zake kwa wimbo. Na bara ya Tanzania, vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga na TOT cha John Komba vilikuwa vikijaza kumbi za Dar es Salaam kwa usiku mmoja wenye ngoma, kichekesho, taarabu na mchezo wa kuigiza, watu wakilipa kiingilio.

La pili ni mahali. Fort Jesus iko kisiwani. Little Theatre Club iko kisiwani. Uwanja wa Mama Ngina uliokarabatiwa mwaka 2019 uko kisiwani. Kijana wa Kipevu akitaka kuona mchezo avuke daraja, alipe matatu kwenda na kurudi usiku, akakae mbele ya kisa kisichokuwa chake. Huku bara kila kipande cha ardhi kimepangiwa kontena au trela.

Najua pingamizi zitakuja, na nyengine zina uzito. Wazazi na masheikh watauliza, mwatuletea ngoma za kukata viuno mitaani? Jawabu langu ni kwamba mchezo wa nyimbo si lazima uwe chakacha. Tuna kasida, tuna dufu, tuna utenzi wa kughaniwa, na sauti ya binadamu peke yake yatosha. Kila mtaa utachagua unachokiweza na unachokiridhia, kama Kamirithu walivyochagua chao.

Wengine watauliza habari ya pesa. Hapa nawaomba tutazame Afrika Kusini, maana wao wamelipitia jambo hili kutoka mwanzo hadi mwisho. Gibson Kente, tangu miaka ya 1960, alizungusha michezo yake ya nyimbo katika kumbi za mitaa ya watu weusi, bila msaada wa serikali, akiishi kwa kiingilio cha mfanyakazi wa kawaida. Serikali ya makaburu ilimfunga mwaka 1976 alipokuwa akitengeneza filamu ya mchezo wake mmoja. Mikononi mwake alipitia Mbongeni Ngema, ambaye mwaka 1987 alitoa Sarafina!, kisa cha wanafunzi wa Soweto. Mchezo huo ukafika Broadway mwaka 1988, na filamu yake ya 1992 ndiyo hii ambayo kila nyumba ya Mombasa imeitazama. Lakini tazama na ya pili. Mwaka 1995 Ngema alipewa na wizara ya afya zaidi ya randi milioni 14 atengeneze Sarafina II kuhusu ukimwi. Ikazuka kashfa bungeni na magazetini, mwaka 1996 mchezo ukasimamishwa. Aliyejengwa na viingilio vya watu wa mtaani alikwazwa na hundi ya wizara. Hata TOT, pamoja na uhodari wao wote, walikuwa ni kikundi cha chama, na mwenye chama ndiye aliyechagua wimbo.

Kwa hivyo sitaki kaunti ituandalie mchezo, wala mwanasiasa atuletee vipaza sauti vyenye picha yake. Kaunti itupe uwanja, itupe taa na usalama, itoke kando. Kampuni zilizozunguka Kipevu, zinazopanda miti mbele ya kamera kila mwaka, zikitaka kusaidia zisaidie kujenga viti. Kiingilio tutalipa wenyewe. Mtu anayelipa shilingi hamsini za mchezo ana haki ya kusema mchezo haukumpendeza, na mtunzi atamsikia.

Na kisa cha kuanza nacho kipo, hatuna haja ya kukitafuta mbali. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waliweka chini zana. Makuli wa bandarini, watu wa reli, wapishi wa mahoteli na wa majumbani, takriban watu 15,000, kwa siku 12. Mji ukanyamaza. Kiongozi aliyechomoza, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo akahamishwa mpaka Baringo. Mgomo ule uliwakusanya Waswahili, Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo na Wakikuyu katika uwanja mmoja. Ndivyo Changamwe ilivyo leo. Hapa palipo makao ya Wachangamwe, moja ya Mataifa Matatu ya Mombasa, pana watu wa kila kabila la Kenya wanaozungumza Kiswahili kimoja chenye lafudhi arobaini. Mchezo wa 1947 ungehitaji nyimbo zao zote, kama Maitũ Njugĩra ulivyohitaji.

Tena kisa hicho hakikuishia 1947. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yapelekwe Nairobi kwa reli ya SGR, madereva, matanboi, mafundi wa magari, mawakala wa kuondosha mizigo na mama lishe wa Changamwe na Miritini ndio waliolala njaa. Watu waliandamana kila Jumatatu. Septemba 2022 amri ikaondolewa na rais mpya. Katika miaka mitatu hiyo nyumba ngapi zilivunjika, watoto wangapi waliacha shule, nani anajua? Hakuna aliyewahoji wale watu na kuyaweka maneno yao mahali yatakapokaa. Takwimu za bandari zinaonyesha tani zilizopita. Hazionyeshi nani alirudi kijijini na godoro kichwani.

Mchezo wa nyimbo ungeonyesha, na ungehifadhi. Wazee waliofanya kazi bandarini miaka ya hamsini na sitini wanapungua kila mwaka. Kila maiti tunayoizika inakwenda na nyimbo za kuvutia kamba na za kubebea magunia ambazo hazikuandikwa popote. Mtunzi tunayemngoja pengine yuko kidato cha tatu sasa hivi, anaandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu. Hatakuwa mtunzi kwa sababu tumemsifu. Atakuwa mtunzi akipata wazee wa kumhadithia, waimbaji wa kuimba alichokiandika, na uwanja ambao watu watamwambia hapa umekosea, rudia.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na jambo dogo kabisa. Kila mwisho wa mwezi, baada ya Alasiri, tukutane kwenye uwanja wowote utakaopatikana Kipevu au Port Reitz. Wastaafu wa bandari na reli waje na kumbukumbu zao, kina mama wa vikundi waje na nyimbo zao, walimu wa Kiswahili waje na wanafunzi wenye mkono wa kuandika. Mwaka wa kwanza tusionyeshe chochote, tusikilizane na tuandike tu. Kamirithu nao walianza kwa kufundishana kusoma.